Dodoso, Daftari au Mahojiano: Bei Halisi ya Utafiti wa Uzamili

Mwalimu anayejisomesha shahada ya uzamili ya elimu kwa mshahara wake, akifika hatua ya utafiti, hukuta kifurushi kilekile kikimngoja: dodoso la kurasa sita, sampuli iliyokokotolewa kwa fomula ya Yamane, mahojiano na wakuu wa shule wanne watano ili mbinu ziitwe mseto, kisha programu ya takwimu ya SPSS. Waliomtangulia walifanya hivyo, tasnifu zao ziko maktaba, na msimamizi hana ugomvi nacho. Kinachokosekana ni bei. Mwanafunzi huiona fedha ikimtoka kila siku akiwa uwandani, lakini ni nadra akae chini kabla ya kuanza na kujiuliza: kwa swali langu hili, njia hii itanigharimu nini, ile itanigharimu nini, na ipi itanipa jibu? Wengi wangefanya hesabu hiyo, naamini wangeachana na kifurushi, tena wangebakiwa na fedha.

Tuchukue swali moja tutembee nalo: je, chakula cha mchana shuleni kinapunguza utoro? Linawagusa wazazi wanaochangishwa mahindi na maharage, na linawagusa walimu wanaoona darasa likipungua watoto baada ya saa sita. Katika hesabu nitachukua fotokopi kuwa shilingi 100 za Tanzania kwa ukurasa. Weka bei ya steshenari ya kwako.

Dodoso kwanza, kwa kuwa ndilo linalopendwa. Nakala 300 za kurasa sita ni shilingi 180,000. Kuingiza dodoso moja kwenye kompyuta kwa uangalifu huchukua kama dakika kumi, kwa hiyo 300 ni saa 50, zaidi ya wiki nzima ya kazi, yako au ya kijana utakayemlipa. Ongeza safari mbili kwa kila shule, ya kupeleka na ya kufuata, na ya tatu pale unapoambiwa mwalimu aliyeyapokea yuko semina. Si fedha nyingi mno. Shida ni kile unachokinunua. Tazama kipengele kimoja cha aina inayojaa kwenye tasnifu zetu: "Chakula cha mchana shuleni hupunguza utoro na huinua taaluma," halafu visanduku vitano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Sentensi hiyo imebeba mambo mawili. Mwalimu anayeamini la kwanza na kulitilia shaka la pili aweke alama wapi? Tena hakuna mtu mzima atakayesimama kupinga chakula cha watoto. Mwalimu anayejaza wakati wa mapumziko, huku rundo la madaftari ya kusahihisha likimsubiri, atateremsha vema kwenye safu ya "nakubali" mpaka mwisho wa ukurasa. Jedwali litapendeza, asilimia zitakuwa kubwa, na bado hutajua kama kuna mtoto hata mmoja aliyebaki shuleni kwa sababu ya ugali.

Dodoso lina mahali pake. Ukitaka kujua walimu wanaonaje mzigo wa kusimamia chakula, au wazazi wako tayari kuchangia kiasi gani, hakuna kilicho nafuu kulishinda. Linauza maoni. Anayetaka matukio asilinunue.

Matukio yako kabatini kwa mwalimu mkuu. Daftari la mahudhurio limeandikwa kila siku ya shule, kwa kila mkondo, miaka nenda miaka rudi, na kulisoma hakuhitaji fotokopi. Unahitaji kibali, unahitaji siku moja au mbili kwa kila shule, na fomu ya kujazia jumla za kila wiki: wasichana waliohudhuria, wavulana waliohudhuria, walioandikishwa. Usinakili majina wala usipige picha kurasa zenye majina ya watoto, jumla zinakutosha. Tuseme shule kumi zilianza kutoa chakula mwaka juzi. Ukilinganisha mahudhurio yao ya kabla na ya baada, unaweza kukuta yamepanda kutoka asilimia 78 hadi 88, ukashangilia pointi kumi. Sasa nenda shule nyingine kumi za halmashauri hiyohiyo zisizotoa chakula. Tuseme huko yalipanda kutoka 77 hadi 83, labda kwa sababu mvua zilikuwa nzuri au watendaji wa vijiji walifuatilia watoro. Pointi sita zingekuja hata bila chakula, na zilizobaki za kuhusisha na chakula ni nne. Shule kumi za pili zimekugharimu nauli na siku za ziada, lakini bila hizo ungeandika tasnifu nzima ukikipa chakula pointi sita zisizo zake.

Daftari nalo lina kasoro yake, na anayelinunua aijue. Mengine hujazwa kwa mkupuo Ijumaa mchana. Dawa yake ni rahisi: siku unayofika, kabla hujaomba daftari, pita darasani uhesabu vichwa, kisha ulinganishe na kilichoandikwa siku hiyo. Shule ambayo hesabu mbili zinapishana sana unaiandika kando na kuieleza wazi kwenye sura ya tatu. Kuhesabu vichwa ni bure, na kunaipa data yako nguvu ambayo dodoso la kurasa sita haliwezi kuipa.

Kwa nini niusisitize ulinganisho? Kwa sababu ya kisa cha Busia, magharibi mwa Kenya, ambacho kila mwanafunzi wa elimu Afrika Mashariki angepaswa kukijua. Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walichunguza chati za kufundishia, zile kubwa za kugeuza kurasa mbele ya darasa. Kwanza walifanya ambacho wengi wetu hufanya: walilinganisha shule zilizokuwa tayari na chati na zile zisizokuwa nazo. Zenye chati zilionekana kuwa mbele kwa karibu sehemu ya tano ya mchepuko sanifu, jambo ambalo katika elimu si dogo. Kisha wakatumia jaribio halisi katika shule 178, nusu zikapewa chati kwa utaratibu usiompendelea mtu. Faida ikayeyuka. Shule zilizokuwa na chati tangu mwanzo huenda zilikuwa na mengine pia: wazazi wenye uwezo zaidi au mwalimu mkuu mchangamfu, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakipandisha alama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kremer alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za aina hii. Sasa rudi kwenye ugali wetu. Shule inayotoa chakula ni shule ambayo wazazi wake wamekubali kuchanga, na wazazi wa namna hiyo wangewatuma watoto shule hata kusingekuwa na chakula. Ukilinganisha zenye chakula na zisizo nacho kwa mwaka mmoja pekee, umerudia hatua ya kwanza ya Busia. Madaftari ya miaka kadhaa nyuma yanakusaidia kulikwepa kosa hilo kwa kiasi kikubwa, bila kuwa na fedha za wafadhili.

Majaribio ya kiwango hicho hayamhusu mwanafunzi anayejilipia. KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza hapa Tanzania, lilihusisha shule 350: nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu wao waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani, nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Vyote viwili pamoja viliinua. Huwezi kulifanya, lakini unaweza kulisoma na kujenga swali lako juu yake, na kusoma ni nafuu. Ninachowasihi wanafunzi wakiache ni lile jaribio dogo la mikondo miwili: mkondo A unafundishwa kwa mbinu mpya, mkondo B kwa ya zamani, na mwishoni mtihani. Linaonekana la bei poa, wanafunzi 90 papo hapo. Lakini umelinganisha pia mwalimu wa A na mwalimu wa B, kipindi cha asubuhi na kipindi cha mchana. Kama lazima ujaribu, omba uwachanganye watoto wa mikondo yote miwili kwa kura, mwalimu awe mmoja, na saa zibadilishane.

Hapa tuiguse sampuli, kwa kuwa fedha nyingi huzama hapo. Fomula ya Yamane inagawanya idadi ya walengwa kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unalovumilia. Wanafunzi 1,200 na kosa la 0.05 vinakupa 300. Wakiwa 10,000 unapata 385, wakiwa 100,000 unapata 398. Ukiona hivyo unaelewa kwamba baada ya hapo idadi ya walengwa haina tena uzito. Kinachokutoza ni kosa. Kwa walengwa 10,000, ukikubali kosa la 0.1 unahitaji 99 tu. Kulipunguza kosa kwa nusu ni kulipa karibu mara nne.

Jambo ambalo fomula haisemi ni kubwa kuliko hilo. Imedhani umemchagua kila mtoto kivyake kutoka orodha moja. Wewe utakwenda shuleni na kuchukua kundi, na watoto wa shule moja hufanana: walimu walewale, kijiji kilekile, maji yaleyale ya kisima. Kadiri wanavyofanana, ndivyo kila anayeongezwa anavyokupa taarifa kidogo mpya. Tuchukue kiwango cha mfanano cha 0.2, kisicho cha ajabu katika mitihani ya shule za kwetu. Wanafunzi 400 kutoka shule 10, yaani 40 kila shule, wana uzito wa wanafunzi 45 waliochaguliwa mmoja mmoja. Wanafunzi 300 kutoka shule 20, yaani 15 kila shule, wana uzito wa 79. Umechapa madodoso 100 pungufu na umepata taarifa zaidi kwa karibu robo tatu. Hesabu yake: toa 1 kwenye idadi ya kila shule, zidisha kwa kiwango cha mfanano, jumlisha 1, kisha gawanya sampuli yako yote kwa jibu hilo. SACMEQ, mpango wa kupima elimu kusini na mashariki mwa Afrika, ulidai sampuli yenye uzito wa angalau wanafunzi 400 waliochaguliwa mmoja mmoja, na ndiyo sababu ulisambaa shule nyingi huku ukichukua watoto wachache katika kila moja. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kuongeza kitu kimoja, nunua nauli ya shule nyingine. Fotokopi iache.

Mahojiano yana bei iliyojificha. Hayana fotokopi, kwa hiyo huonekana ya bure. Walimu 15 kwa dakika 45 kila mmoja ni saa 11 na robo za sauti. Kunukuu saa moja neno kwa neno huchukua saa tano kwa mtu mwepesi wa kuchapa, kwa hiyo una saa 56 mbele yako kabla hujachambua chochote. Halafu wengi hutafsiri yote kwa Kiingereza kwa kuwa tasnifu ni ya Kiingereza, na saa zinaongezeka tena maradufu. Acha. Chambua kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, tafsiri tu vipande utakavyovinukuu. Utaokoa siku kadhaa, na mama aliyesema "mtoto akishiba hana mguu wa kutoroka" hatapotezewa maana yake mapema. Na wangapi wanatosha? Greg Guest, Arwen Bunce na Laura Johnson walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaripoti mwaka 2006 kwamba mada karibu zote zilikuwa zimejitokeza katika 12 ya kwanza. Hiyo ni kwa kundi linalofanana na swali lililobana. Ukiwa na wazazi na walimu, hayo ni makundi mawili, na kila moja lihesabiwe kivyake.

Mjadala wa kikundi huvutia kwa sababu watu wanane wanazungumza ndani ya saa moja. Andaa chai na nauli zao, na uangalie nani yumo. Mwenyekiti wa kamati ya shule akiwa ndani, umenunua mahojiano ya mtu mmoja na mashahidi saba.

Mahojiano hujibu swali ambalo daftari haliwezi: kwa nini. Huko Busia, utafiti mwingine wa Glewwe, Kremer na Moulin uliona kwamba kugawa vitabu vya kiada hakukuinua alama za wastani, isipokuwa kwa watoto waliokuwa tayari mbele. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Alama pekee zingemwacha mtu akidhani vitabu havina kazi. Kwa swali letu la chakula, shule ambazo mahudhurio hayakupanda ndizo za kwenda kukaa na wazazi: huenda mtoto wa asiyechanga hurudishwa nyumbani, na chakula kilekile kikawa sababu ya utoro. Mahojiano sita katika shule hizo yana thamani kuliko 15 yaliyotawanywa kila mahali. Ndivyo mbinu mseto inavyopaswa kuwa, moja ikiituma nyingine kazi.

Kabla ya hayo yote kuna soko ambalo wengi hawaliingii, la data za bure. Uwezo ulianza mwaka 2009 Kenya, Tanzania na Uganda kwa kuwapima watoto nyumbani kwao kusoma na kuhesabu, na kuna data zake zilizowekwa wazi kwa watafiti. NECTA huweka matokeo ya shule mojamoja mtandaoni. Takwimu za elimu msingi za TAMISEMI zina walimu, madawati na wanafunzi. Mwanafunzi mwenye kompyuta na bando anaweza kuandika tasnifu yenye maelfu ya watoto bila kupanda basi. Anacholipa ni kulazimika kukubali maswali ya wengine: kama hawakuuliza kuhusu chakula, hakipo. Na ipo miezi ya kujifunza kuzisafisha. Binafsi, kwa mwenye familia na vipindi 28 kwa wiki, hii ndiyo njia ninayoipigia debe kwanza, na inasikitisha kwamba baadhi ya majopo huiona kama uvivu.

Vifaa havistahili maneno mengi. Programu za kukusanya data za ODK na KoboToolbox hufanya kazi kwenye simu ya Android bila mtandao na hukuondolea zile saa 50 za kuingiza data; chini ya madodoso mia karatasi inatosha, na wanafunzi wanaojijazia wenyewe wape karatasi. SPSS, mali ya IBM tangu 2009, leseni yake hulipwa kwa dola na huisha muda. jamovi na JASP ni za bure, hufungua mafaili ya SPSS, na menyu zake ni za kubofya vilevile. R ni ya bure na ina nguvu kuliko zote, ila inadai uvumilivu. Nakala ya SPSS iliyovunjwa na kuuzwa kwenye flashi huja na virusi, na siku ya kufunga ripoti ndiyo siku inayogoma. Kwa mahojiano 12, jedwali la Word na rangi nne zinatosha. Anayetaka programu atumie Taguette, ya bure.

Vibali ni gharama ya muda. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa afisa elimu, hadi kwa mwalimu mkuu. Mikoa miwili ni ngazi mbili za barua. Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya mtafiti huomba leseni NACOSTI. Watoto wakihojiwa, wazazi waridhie. Chagua mkoa mmoja kama swali linaruhusu.

Na wapo wanaouza tasnifu nzima, kuanzia pendekezo hadi sura ya tano. Sijaona bidhaa ghali kama hiyo. Jopo likiuliza kwa nini shule 20 na si 10, aliyenunua hana la kusema, na shahada ikifutwa hakuna anayerudisha ada.

Kwa milioni moja, swali letu la chakula ningelinunulia hivi: laki tano na nusu nauli, chakula na malazi kwa shule 20 za halmashauri moja, elfu 80 kujaribu fomu katika shule mbili ambazo hazitaingia kwenye utafiti, laki moja na elfu 20 kusaidiwa kunukuu mahojiano, elfu 60 karatasi, elfu 90 dharura, maana gari litaharibika mahali. Laki moja iliyobaki ni ya mtakwimu, na alipwe kabla ya safari ya kwanza, aione orodha ya shule na fomu ya daftari ikiwa bado tupu. Wakati huo anaweza kukwambia uongeze shule au ufute safu. Data zikishaingia, atakachoweza kukuuzia ni majedwali.